Mwenyekiti wa Maboma

Mwenyekiti alikuwa na tabia ya kuangalia juu kabla hajasalimia. Akifika kwako, kwanza anainua macho kwenye paa, anakagua kenchi kama zipo, bati kama ni jembamba, misumari kama imefuata mstari au imepigwa na mlevi, halafu ndipo anakuamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Wageni walidhani anamwomba Mungu. Sisi tuliomzoea tulijua anaona wivu.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika kijiji chake kwa miaka mingi, nikitokea kwetu Lalago. Kijiji chenyewe sitakitaja, maana watu wake wako hai na wanajua ninapokaa. Kiko upande wa Ngulyati, unaacha barabara kubwa unaingia mbugani, kwenye udongo mweusi ule unaovua watu viatu wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Nilimkuta akiwa mwenyekiti wa kijiji, na akaendelea kuwa mwenyekiti uchaguzi baada ya uchaguzi. Si kwamba alipendwa. Alichaguliwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kugombana na halmashauri mwaka mzima, akalala, akaamka akaanza upya.

Kwa asiyejua mambo yetu, nieleze kwanza boma ni nini. Ni jengo ambalo wananchi wameliinua kwa nguvu zao, kwa mchanga, mawe, maji na matofali yao, mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Hapo wananchi wanasimama na halmashauri inamalizia: inapaua, inapiga lipu, inaweka milango. Ni utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Kasoro yake ni kwamba halmashauri inapaua kwa mapato yake ya ndani, na mapato ya ndani kwetu ni ushuru wa pamba na mnada wa ng'ombe. Pamba nayo inategemea mvua, wadudu, na mnunuzi ameamka na bei gani. Kwa hiyo boma linaweza kusubiri bati mpaka vijana waliosomba mawe yake wakaleta watoto wao kuandikishwa shule. Nimewaandikisha mwenyewe.

Mwenyekiti alilielewa jambo hili vizuri, na huko kulielewa kukamharibu kabisa. Alifuatilia pamba ya mkoa mzima, hata ya mashamba ambayo hajawahi kuyaona. Mtu akitoka safari haulizwi habari za nyumbani, anaulizwa kama funza wameingia kwenye pamba. Mwaka mmoja nilirudi likizo kutoka Lalago nikamwambia kule vitumba vimetobolewa vibaya. Nikamkumbusha kwamba Lalago si halmashauri yetu. Akavua kofia, akasema, "Mwalimu, funza hajui mpaka wa wilaya. Paa letu limeshaliwa hilo." Jioni akaitisha mkutano, akawatangazia wananchi kwamba mwaka ule wasiangalie juu.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye akapiga hesabu ya mkulima. Alisema hakuna anayepanda mbegu moja ya pamba kwenye shimo. Unatia kadhaa, ikifa hii itaota ile. Kwa hiyo kijiji chenye boma moja kinataka njaa. Tukaanza. Boma la darasa lilikuwapo. Likaja la zahanati, likaja la nyumba ya mwalimu, likaja la ofisi ya kijiji, na mwishowe likaja boma ambalo hata yeye hakuwa na uhakika nalo, akasema halmashauri ikileta bati ndipo tutajua ni la nini. Yote yalifika lenta. Hakuna lililopata paa. Mgeni mmoja aliyepita na gari la mradi wa maji aliniuliza, kwa sauti ya pole, vita ilikuwa mwaka gani.

Mfukoni alibeba timazi, ile kamba yenye uzito wa chuma ambayo mafundi hupimia ukuta kama umenyooka. Hakuwa fundi. Alikuwa mkulima wa pamba na mtama kama wengine, lakini timazi haikumtoka mfukoni, na aliitumia popote palipokuwa na kitu kilichosimama. Alipima mlingoti wa bendera shuleni kwangu. Alipima mlango wa kanisa wakati wa harusi, maharusi wakiwa nje wanasubiri kupigwa picha. Kwenye msiba wa mzee mmoja alishuka kaburini, akaning'iniza timazi yake, akapanda akisema upande wa mashariki umelala kidogo. Vijana wakachukua sururu wakanyoosha. Mjane wa marehemu aliniambia baadaye kwamba jambo lile lilimfariji, maana katika maisha yake yote mumewe hakuwahi kuwa na nyumba iliyonyooka.

Yeye mwenyewe alilala chini ya nyasi. Nyumba zake mbili, ya mke mkubwa na ya mke mdogo, zote zilivuja, na wake zake, ambao hawakuwa wakipatana katika lolote, walipatana katika hilo. Ng'ombe alikuwa nao, si haba. Siku moja nilimuuliza kwa nini hauzi hata mmoja akanunua bati.

"Mwenyekiti akiwa na bati," akasema, "wananchi wanauliza limetoka wapi."

"Utawaambia umeuza ng'ombe."

"Na mwizi naye ndivyo anavyosema."

Nikamuuliza basi kwa nini hauzi ng'ombe tukapaua darasa la shule, maana hilo hakuna atakayeuliza. Aliniangalia kwa huruma, kama ninavyoangalia mtoto aliyeandika saba kinyume. Akaniambia kijiji kikijipaulia chenyewe, halmashauri itasema hiki kinajiweza, na bati zake zitaenda kwa jirani mpaka siku ya kiyama. Nilikwenda nyumbani nikitafuta kosa katika maneno yale. Sikuliona, na hilo liliniudhi kuliko kama angekuwa mchoyo tu.

Watu walisema hacheki. Si kweli, alicheka. Baada ya mavuno, ngoma zikianza na vijana wa vikundi wakianza kutambiana, alivua koti, akalikunja na timazi yake ndani, akampa mke mdogo alishike. Halafu akaingia uwanjani akacheza mpaka vumbi likamfika kiunoni. Magoti yalikuwa ya mzee ila mabega yalikuwa ya kijana. Wakati huo ungeweza kumwomba chochote akakubali, na wengi walimwomba. Asubuhi yake alikana yote.

Sasa niseme kilichonigombanisha naye, maana picha ya mtu bila ugomvi ni picha ya kitambulisho.

Darasa la kwanza lilisomea ndani ya boma. Vyumba vyenye paa vilikuwa vichache na vilikwenda kwa madarasa ya mtihani, kwa sababu shule hupimwa kwa mtihani, wala hakuna anayepimwa kwa watoto wanaojifunza "a" na "e". Kwa hiyo wangu walikaa chini, kwenye udongo, wakifuata kivuli cha ukuta. Asubuhi tulianza na ukuta wa mashariki, tukasoma hapo. Jua likipanda, kivuli kinarudi nyuma kuelekea ukutani na watoto wanakifuata, mpaka wa mstari wa mwisho wanakaa juu ya miguu ya wa mbele. Saa sita kivuli kinakwisha kabisa, na somo linakwisha, hata kama tulikuwa katikati ya neno. Mvua ikinyesha hakuna shule. Mwaka wa mvua nzuri, pamba inastawi na wazazi wanashangilia, mimi nafika Novemba na watoto ambao hawawezi kusoma majina yao. Niliwapenda watoto wale na iliniuma. Nililia kwa ajili yao zaidi ya mara moja, nikiwa peke yangu, maana mwalimu akilia mbele ya darasa la kwanza wote wanaanza.

Na kila Ijumaa Mwenyekiti aliwataka haohao. Wabebe maji, wabebe mawe madogo, kila mtoto kwa uwezo wake, kwa ajili ya maboma. Nilimwambia watoto wangu wanasoma nusu siku kwa sababu ya jua, wewe unawachukulia nusu iliyobaki. Akasema hayo maboma ni yao. Nikasema watakapoyapata watakuwa wameota ndevu. Ijumaa iliyofuata nikawazuia, nikafundisha.

Jumamosi nikaitwa kwenye mkutano wa kijiji. Wazee walikaa mbele, sungusungu, walinzi wa kijiji, wamesimama na fimbo zao, na Mwenyekiti akasoma shitaka kwa upole mkubwa: Mwalimu amezuia nguvu za wananchi. Kwa desturi zetu anayekwepa kazi ya kijiji hutozwa faini, na asipolipa hutengwa; hasalimiwi, haazimwi moto, akifiwa anazika mwenyewe. Nilihukumiwa kuchota maji ya kujengea, kutoka lamboni mpaka kwenye boma la zahanati. Sikubishana. Jumatatu, baada ya vipindi, nikafunga kanga kiunoni nikajitwika ndoo, hasira imenijaa mpaka masikioni. Sijafika nusu ya njia watoto wangu wakaniona. Wakaja mbio wote, wakaning'ang'ania, wakanitua ndoo, wengine wakakimbilia kwao kuleta vidumu. Pipa la maji la pale bomani lilijaa siku hiyo kuliko Ijumaa yoyote. Mwenyekiti alisimama pembeni na mikono nyuma. Alikuwa na adabu ya kutosha asiseme neno.

Kisha ikaja ile habari ambayo tulikuwa tumeisubiri. Mtendaji wa kata alileta ujumbe kwamba pamba ilikuwa na dalili nzuri, na halmashauri ingepaua boma moja katika kijiji chetu. Moja. Kijiji kiseme lipi. Mwenyekiti alitakiwa apeleke jibu kwenye kikao cha kata, na kila mtu alijua kwamba atakalosema yeye ndilo litakaloandikwa.

Nilikwenda kwake jioni ileile. Sikwenda kugombana, nilikwenda kuomba. Mke mkubwa alinipa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai, tukakaa. Nikamweleza habari za watoto, mmoja mmoja, kwa majina ya baba zao. Nikamwambia anayekosa kusoma darasa la kwanza hasomi tena. Atapandishwa darasa mpaka la saba akiwa anakariri tu nyimbo, halafu atarudi kulima pamba, na mnunuzi atamsomea mizani apendavyo. Darasa kwanza, nikamwambia. Zahanati mwaka kesho.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, asiyejua kusoma tunaishi naye. Mimi mwenyewe nasoma kwa kubabaisha, na unaniona nipo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mama anayeshikwa na uchungu usiku tunampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani. Unajua wangapi hawakurudi. Umewafundisha watoto wao."

Niliwajua. Mmoja alikaa mstari wa mbele, mtoto wa kike ambaye kila kitu alikiandika kidogo sana, kwenye pembe ya daftari, asimalize haraka karatasi alizonunuliwa na bibi anayemlea. Nilinyanyuka nikaaga. Alikuwa na haki na mimi nilikuwa na haki, na umaskini una ubaya huo, kwamba unakunyima hata mtu mbaya wa kumtukana. Kwenye kikao cha kata akataja zahanati. Sikumsalimia mpaka msimu ukaisha.

Msimu ulivyoisha ni hivi: mvua ilikatika vitumba vikiwa vidogo, bei ikashuka, ushuru ukawa kiduchu, na halmashauri ikasema tusubiri. Mwaka ule haikupauliwa zahanati wala darasa. Tulikuwa tumenuniana bure. Yeye ndiye aliyekuja kwanza, akasimama mlangoni kwangu, akaangalia paa langu la kupanga, akasema, "Mwangaluka." Nikaitikia. Hatukulizungumza tena.

Na mvua ikarudi kwa fujo, kama kawaida yake ikishatukosesha. Ukuta wa boma lile lisilo na jina ulilowa, udongo mweusi ukavimba chini yake, ukaanguka Jumapili mchana. Ulimwangukia mbuzi mmoja. Mwenyekiti aliitisha mkutano akamshukuru Mungu kwa kuchagua Jumapili, akampa pole mwenye mbuzi, akawaomba wananchi waanze kufyatua matofali. Mbuzi aliliwa kwenye mkutano huohuo.

Nilistaafu nikahamia Bariadi mjini, kwenye kijumba changu, nikafuga kuku. Habari za kijiji nilizipata mnadani. Nikasikia Mwenyekiti ameshindwa uchaguzi na kijana mmoja mwenye simu kubwa. Baadaye nikasikia pamba imekubali, na zahanati imepauliwa, na kijana ndiye aliyesimama na wakubwa kukata utepe. Mzee alikaa na wananchi nyuma. Nilijaribu kufurahi kidogo kwa kumbukumbu ya darasa langu, nikashindwa. Nilimhurumia.

Mwaka huu, siku ya kliniki ya presha, nimekaa kwenye benchi nikisubiri kuitwa, nikaona mzee anaingia ameinua uso kwenye dari. Nikajua ni yeye kabla sijaona sura. Amekonda, koti limembakia mabegani tu. Akamaliza dari, akaniona, akasalimia, tukaulizana hali na hali za wake zake, ambao wote wazima na bado hawapatani. Akakaa.

"Na wewe una presha?" nikamuuliza.

"Sina. Nimeambiwa siku hii huwa unakuja hapa."

Nilimjua, hakuwahi kusafiri kwa ajili ya salamu.

"Zahanati imepauliwa," akasema.

"Nilisikia. Hongera."

"Bati la rangi. Bluu." Akaliona kichwani kwake kidogo, akaendelea. "Nesi hakuna. Wanasema ameombwa. Anaombwa tangu siku ya utepe. Mkwe wangu kajifungulia kwenye mkokoteni, tumempitisha mlangoni pa zahanati hiyohiyo, imefungwa kufuli."

"Mtoto?"

"Mtoto yupo. Mama yake yupo. Safari hii Mungu alipata nafasi."

Alikuwa anasema kwa sauti ileile ya kusomea mashitaka, lakini mikono yake juu ya magoti ilikuwa ikikunja na kukunjua kamba ya timazi. Nilitaka kuishika. Kwetu mtu hashiki mikono ya mzee wa watu kwenye benchi la kliniki, kwa hiyo nilishika mkoba wangu.

"Jengo likakaa tu," akasema. "Popo wakaanza kuingia. Nikamwambia yule kijana, mwenyekiti wa sasa, jengo halikai bila mtu, ingiza darasa la kwanza mpaka nesi aje. Hakutaka, nikaongea na wazazi. Wameingia. Wanakaa chumba cha kujifungulia, ndicho chenye dirisha kubwa."

Nilicheka. Nilicheka mpaka wagonjwa wenzangu wakageuka, na mama mmoja akanisogezea chupa ya maji akidhani nimezidiwa. Miaka yote ile, vidumu vyote vile, ule ugomvi juu ya michembe.

"Kwa hiyo darasa limepatikana," nikasema.

"Limepatikana."

"Nilikuambia darasa kwanza, ukakataa."

"Nilikataa."

"Kwa hiyo nilishinda."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kunipa ushindi usio wangu. "Ulishinda, Mwalimu," akasema. "Ila walimu wamepungua. Waliobaki wako na madarasa ya mtihani. Hawa wadogo hawana mtu, wako na paa tu. Wanaimba toka asubuhi mpaka wanarudi nyumbani. Pikipiki iko nje, nimemwambia dereva asizime."

Nikamwambia nimestaafu. Nikamwambia nina presha, nina kuku, na serikali hainilipi tena kufundisha mtu. Akasema kuku wanapandishika kwenye pikipiki, na serikali hatutaiambia. Nikamwambia hana aibu. Akasema aibu aliimaliza akiwa madarakani. Nilimkasirikia kwa moyo wote, kwa sababu alikuwa ameketi pale akiongea polepole hali akijua jibu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza kama kile chumba kina mahali pa kutundika ubao.

Muuguzi akaita jina langu. Akanifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akafungua, akafunga tena upya. Akasema imepanda sana leo, mama, kuna jambo limekushtua?

Nikamwambia hapana, mwanangu, nimepata kazi.